Somo: Kufuatilia asili ya neno hatua kwa hatua, kwa mfano wa "callant" la Kiskoti

Tukitafuta asili ya neno, wengi wetu huanza na sikio: hili linafanana na lile, basi limetoka huko. Sikio ni shahidi dhaifu. Leo nawaonesha njia ya kupata mashahidi wengine, na neno letu ni "callant", neno la zamani la Kiskoti lenye maana ya kijana wa kiume. Kiskoti ninachokitaja ni lugha ya nyanda za chini za Uskoti, ndugu wa Kiingereza. Kigaeli cha milimani na visiwani ni lugha ya tawi jingine, la Kikelti. Ukizichanganya hizo mbili, somo lote limeharibika.

Hatua ya 1: Kusanya maumbo yote ya neno

Utalikuta limeandikwa "callant", "callan" na "calland". Usichague moja na kuyatupa mengine. Lakini lilitamkwaje? Hapo washairi wanatusaidia. Mwaka 1719 William Hamilton wa Gilbertfield alimwandikia Allan Ramsay, mshairi na mtengeneza wigi wa Edinburgh, barua ya kishairi. Humo alimwita "canty callan", yaani callan mchangamfu, na neno hilo likafanya kina na jina "Allan". Maana yake ni kwamba kinywani mwa Hamilton ile "t" ya mwisho haikuwepo. Waliozoea kusoma tenzi za zamani wanaijua mbinu hii: hati inaweza kukudanganya, kina hakidanganyi kirahisi.

Mstari huo una jambo la pili. Ramsay wakati ule alikuwa na miaka thelathini na kitu, ana mke na mtoto. Kwa hiyo tusikimbilie kusema callan ni mvulana basi. Lilibeba pia maana ya "jamaa", mtu unayemtaja kwa mapenzi au kwa utani.

Hatua ya 2: Panga ushahidi kwa miaka

Kiskoti kina bahati ya kuwa na kamusi mbili kubwa za kihistoria. Moja inahusu lugha hadi mwaka 1700, nyingine tangu hapo kuendelea. Tangu 2004 zote mbili zimeunganishwa kwenye intaneti kwa jina la Dictionary of the Scots Language, na huzilipii chochote. Andika neno, kisha usiishie kwenye maana. Soma mifano iliyonukuliwa na tarehe zake, maana thamani yote ya kamusi za namna hii iko kwenye mifano.

Hatua ya 3: Tafuta mlango neno lilikoingilia

"Callant" linaonekana Uskoti katika karne ya 16. Je, siku hizo Waskoti walikuwa wakichangamana na nani? Wafanyabiashara wao walivuka Bahari ya Kaskazini wakipeleka sufu, ngozi na samaki aina ya samoni hadi Bruges, Middelburg na hasa bandari ya Veere, katika nchi ambazo leo ni Ubelgiji na Uholanzi. Huko Veere walikuwa na kituo chao maalumu cha biashara, na nyumba zinazoitwa Schotse Huizen, "nyumba za Kiskoti", zipo hadi leo. Sasa angalia: katika Kiflemi (Kiholanzi cha Ubelgiji) na Kiholanzi cha zamani kuna neno "kalant", na maana yake ni mteja.

Neno moja la kukopa huweza kuwa bahati mbaya ya kufanana. Kwa hiyo tafuta wenzake. Kiskoti kina "coft", alinunua. Kina "mutchkin", kipimo cha vinywaji. Kina "pinkie", kidole cha mwisho. Yote yamepita mlango huohuo, na mawili ya kwanza yananuka soko kabisa. Hapo ushahidi unaanza kusimama.

Hatua ya 4: Rudi nyuma mlango kwa mlango

Waholanzi nao walilipata Ufaransa. Kifaransa cha Paris kinasema "chaland", mteja, lakini Kifaransa cha kaskazini kilisema "caland". Tofauti hiyo ina kanuni: katika maneno mengi ambapo Paris iligeuza sauti ya "k" kuwa "ch", kaskazini waliiacha ilivyo. Kwa kuwa Waholanzi wana "k", tunajua walilichukua kwa jirani zao wa kaskazini. Mimi huipenda sana hatua hii, kwa sababu herufi moja inatosha kukuonesha ramani.

Zaidi ya hapo kuna kitenzi cha Kifaransa "chaloir", kuwa jambo la kumjali mtu, na nyuma yake Kilatini "calere", kuwa na joto. Mteja, basi, ni mtu mwenye haja. Kutoka kitenzi hichohicho Wafaransa walitengeneza "nonchalant", asiyejali, ambalo Waingereza wamelibeba zimazima.

Tahadhari: Kifaransa kina "chaland" nyingine, chombo kipana cha kubebea mizigo mtoni. Hiyo ina asili ya Kigiriki na haihusiani na mteja hata kidogo.

Hatua ya 5: Eleza maana ilivyohama

Hapa ndipo wengi hukwama. Mteja anageukaje kuwa kijana? Usibuni hadithi, tafuta neno jingine lililopita njia hiyo bila kusaidiwa na la kwanza. Kiingereza kinalo: "chap". Ni kifupi cha "chapman", mchuuzi, na katika karne ya 16 "chap" lilikuwa na maana ya mnunuzi. Kufika karne ya 18 limekuwa "jamaa" tu, mwanamume yeyote. Soko lina tabia hiyo: unayekutana naye kila siku mbele ya meza yako unaacha kumwita mnunuzi, unamwita jamaa. Kutoka jamaa hadi kijana ni hatua fupi.

Hatua ya 6: Tenganisha historia ya neno na historia ya watu

Mji wa Hawick, karibu na mpaka wa Uingereza, huadhimisha vijana wake waliowashambulia wavamizi wa Kiingereza mahali paitwapo Hornshole mwaka 1514 na kuwanyang'anya bendera. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya vita vya Flodden, vilivyomuua Mfalme James wa Nne wa Uskoti. Sanamu ya mpanda farasi iliyosimamishwa 1914 inawakumbuka kwa jina la "callants". Ni sawa, lakini sanamu ya 1914 ni ushahidi wa lugha ya 1914. Haikuambii vijana wale waliitwaje na mama zao.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimesoma kwamba Kigaeli kina "gallan", na linatumika kwa kijana pia. Kwa nini tusichukue hilo, maana ni la hukohuko Uskoti?* (Mwanachama, Morogoro)

Swali zuri. "Gallan" kwanza ni tawi au shina, na kijana ni maana ya kishairi. Pia linaanza na "g". Ukilichukua, itakubidi ueleze "k" imetoka wapi na kwa nini maana ya mteja iko ng'ambo ya bahari kwenye neno lenye umbo lilelile. Njia ya Kiholanzi haina mashimo hayo.

*Kuna tofauti gani na "loon" na "chiel"?* (Mwanachama, Nakuru)

"Loon" ni la kaskazini-mashariki, Aberdeen na kandokando yake, ambako mvulana ni "loon" na msichana "quine". Zamani lilikuwa tusi: Shakespeare alimpa mhusika wake Macbeth neno hilo amtukane mtumishi. "Chiel" ni ndugu wa "child" la Kiingereza, ila limekua likawa mwanamume.

*Callant bado linatumika, au limebaki vitabuni?* (Mwanachama, Mombasa)

Linaishi zaidi kwenye miji ya mpakani. Jedburgh humchagua kijana mmoja kila mwaka kuongoza sherehe za mji kwa cheo cha "Jethart Callant", tangu 1947. Hawick kwenyewe kiongozi huitwa Cornet.

*Kaka, mbona na sisi tuna "teja"? Si ni mteja yuleyule?* (Mwanachama, Dar es Salaam)

Pitisha hatua zilezile, ndugu yangu. Umbo linaruhusu: kuangusha "m-" na kuhamia wingi wa "ma-" ni njia ya kawaida ya kumshusha mtu hadhi. Maana nayo inaruhusu, mnunuzi wa kila siku wa dawa za kulevya. Imebaki tarehe. Nenda maktaba, pekua magazeti ya miaka ya 1980 na 1990, tafuta mahali "mteja" na "teja" yanapotumika kwa mtu huyohuyo. Ukipata, weka hapa picha ya ukurasa, na tarehe yake ionekane.