Kabla amri ya mita 60 haijashuka bondeni: namna ya kuipima kijijini

Mimi ni afisa kilimo wa kata mkoani Iringa. Katika sera zote zinazotufikia, inayogongana zaidi na maisha ya vijiji vyetu ni ya kuhifadhi vyanzo vya maji. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazohatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nia yake naiunga mkono kabisa, maana maji ya Ruaha ndiyo yanayoendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Lakini ndani ya mita hizohizo ndimo vilimo vinyungu, bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi, na mavuno yake huingia nyumbani wakati mahindi ya mlimani yamekwisha ghalani. Kama kijijini kwako kunakuja amri ya namna hii, ipime kabla haijaanza kutekelezwa.

Kwanza isome ukijiuliza nani anaambiwa aache nini, nani atanufaika, na nani atasimamia. Ruzuku hutaka daftari la wanufaika linaloaminika. Katazo hutaka msimamizi anayesikilizwa. Amri ya mita 60 ni katazo, tena hasara yake inamwangukia mama mwenye kinyungu, huku faida ikiteremka na mto hadi kwa watu asiowafahamu. Andika hilo juu kabisa ya ukurasa wako.

Kisha shuka bondeni. Beba kamba ya mita 60 na vigingi, uongozane na mwenyekiti wa kitongoji, mzee anayejua mipaka, na wanawake wawili watatu wanaolima pale. Pima kutoka ukingoni, pande zote mbili. Kwenye mabonde membamba utaona kamba inapanda mpaka mlimani na hakuna kinyungu kinachobaki nje. Hapo tayari unajua kwamba kumwambia mtu "sogea kidogo" hakuna maana.

Kwa kila kinyungu uliza mambo matatu: ni cha nani, nani analima, nani anafungua mfereji. Usiridhike na jibu la kwanza, wala usimwulize mwanamke mbele ya shemeji zake. Mara nyingi ardhi ni ya ukoo, imerithiwa na mwanamume, na anayelima ni mke au mjane aliyeazimwa. Sasa faini atatozwa nani? Anayelima hana mamlaka ya kuliacha eneo moja kwa moja, na mwenye mamlaka hana mbegu zake pale. Sera isiyojua tofauti hiyo itamwadhibu asiyeweza kuamua. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kizito kuliko vyote.

Hesabu pia milingoti, yaani mikaratusi, iliyopandwa bondeni na uulize wenyewe wanaishi wapi. Kama wako mjini na hakuna aliyepanga kuing'oa, usitegemee mtu akubali maharage yake yang'olewe. Watu wataona, na watakuwa na haki ya kukataa.

Ukitoka huko nenda ofisi ya kijiji, umwombe mtendaji mihtasari ya mkutano mkuu na daftari la faini. Tafuta kama kijiji kina sheria ndogo ya vyanzo vya maji iliyopita kwenye mkutano na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Tafuta pia kama imewahi kumgusa ndugu wa kiongozi. Kamati ya mazingira iliyoandikwa ukutani bila muhtasari hata mmoja ihesabu kuwa haipo. Ila usiishie kwenye karatasi: waulize wazee ni chemchemi zipi hazikatwi miti, na nani huwa anasuluhisha ugomvi wa zamu za maji. Kama mivengi, miti ya asili inayoota penye maji, imesimama kwenye chanzo bila mlinzi wa serikali, ujue ipo kanuni inayofuatwa, na aliyeishika ndiye mshirika wako wa kwanza.

Rudi sasa kwenye maneno ya sheria. Inataja shughuli za kudumu au zenye madhara. Kinyungu ni cha msimu. Je, kijiji kinaweza kukubaliana ukanda wa karibu na maji uachwe kabisa, upandwe mivengi, na juu yake palimwe bila dawa za sumu? Lipeleke swali hilo kwa afisa mazingira wa wilaya na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, upate jibu la maandishi. Usiliamue peke yako.

Mwisho andika hukumu ya kila kijiji kwa maneno, bila alama za asilimia: amri inashika, inashika kwa masharti, au haishiki. Chini yake taja masharti na nani anayatimiza: fidia ya mbegu, eneo mbadala, milingoti kutoka kwanza. Isome kwenye mkutano mkuu, wakusahihishe. Kisha ifikishe kwa mkurugenzi wa halmashauri kabla madiwani hawajapitisha bajeti, kwa sababu masharti yasiyotengewa fedha hayatatekelezwa na katazo litabaki peke yake.