Kupiga Mbizi Chemchemini na Mwenzako: Mambo ya Kuafikiana Kabla ya Kuzama

Mtu aliyefunzwa kupiga mbizi baharini, anapofika kwa mara ya kwanza kwenye chemchemi, huona kana kwamba kazi yake imerahisishwa: hakuna mawimbi, hakuna kupwa wala kujaa, hakuna chumvi ya kuwasha macho, na maji ni maangavu kiasi kwamba jiwe lililo mita 20 chini huonekana kama la kuinama na kuokota. Urahisi huo ni wa kweli kwa sehemu kubwa, lakini ndio pia unaowafanya watu wawili waliozoeana waingie majini bila kuafikiana lolote. Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu wawili wenye vyeti vya kawaida vya uzamiaji, wasio na mafunzo ya mapango, wanaotaka kuzama kwa burudani, nao unashikilia jambo moja: karibu kila uamuzi wa maana katika mbizi ya namna hii hufanywa nchi kavu, wakati vinywa bado vinaweza kusema.

Anzeni kwa kuijua chemchemi yenyewe. Ulizeni wanaoisimamia, au wapiga mbizi walioizoea, kina chake ni mita ngapi, jicho la maji liko upande gani, kama jicho hilo ni ufa mdogo au ni mlango wa pango, na maji yanatoka kwa nguvu kiasi gani. Chemchemi kubwa kabisa hutoa zaidi ya mita 2.8 za ujazo za maji kwa sekunde, na mkondo wa kiasi hicho unaweza kumchosha mtu mwenye nguvu ndani ya dakika chache. Ulizeni pia kama kuna shimo linalomeza maji badala ya kuyatoa. Mkondo unaotoka, hata ukiwa mkali, humsukuma mzamiaji kuelekea kwenye mwanga, ilhali unaoingia humvuta ndani, na kwa macho matupu si rahisi kuitofautisha midomo hiyo miwili. Mahali palipo na shimo linalomeza ni pa kukaa mbali napo.

Ikiwa chemchemi iko zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, hesabu za kawaida za muda na kina hazitoshi, kwa sababu hewa ya juu ya maji ni nyepesi na naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka kwa kasi zaidi mnapopanda, na huweza kufanya mapovu yenye madhara mwilini. Tumieni majedwali ya nyanda za juu, au kompyuta ya kuzamia inayotambua mwinuko, na irekebisheni pia kwa maji yasiyo na chumvi ikiwa ina nafasi hiyo. Kipimo kilichotengenezwa kwa maji ya bahari husoma kina kidogo kuliko kilichopo, kwa tofauti ya takriban asilimia 3.

Joto la maji ya chemchemi hubadilika kidogo sana mwaka mzima, kwa kuwa maji hayo hukaa muda mrefu chini ya ardhi na hukaribia wastani wa joto la mwaka la mahali pale. Chemchemi za kaskazini mwa Florida, nchini Marekani, hubaki karibu na nyuzi 22 za Selsiasi, na maji ya ufa wa Silfra, nchini Iceland, huwa kati ya nyuzi 2 na 4. Nyuzi 22 zinasikika kuwa si baridi, lakini maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa tulivu, na baada ya dakika 40 mtu aliyevaa suti nyembamba huanza kutetemeka, kupumua kwa haraka na kufikiri polepole. Kwa maji ya joto hilo, suti ya milimita 5 inatosha watu wengi. Penye baridi zaidi hutakiwa suti kavu, yaani isiyopitisha maji, ambayo ina mafunzo yake.

Suala la uzani ndilo linalowasumbua zaidi waliotoka baharini. Maji ya chumvi ni mazito kwa takriban asilimia 2.5 kuliko maji matamu, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake vyote ana uzito wa kilo 100 anapaswa kupunguza karibu kilo 2.5 za risasi kwenye mkanda wake. Asiyepunguza atazama kwa kasi, atalijaza jaketi lake la kuelea hewa nyingi ili kufidia, kisha hewa hiyo itatanuka anapopanda na kumrusha juu. Hesabu hiyo ni ya kuanzia tu. Kipimo chenyewe hufanywa majini. Elea wima kwenye maji ya kina kifupi, jaketi likiwa tupu na kipumulio kikiwa kinywani, ushikilie pumzi ya kawaida kwa muda mfupi: usawa wa maji unapaswa kufika machoni, na unapotoa pumzi uanze kuzama taratibu. Mtungi uliojaa una hewa yenye uzito wa zaidi ya kilo 2, ambayo utaitumia ukiwa chini, kwa hiyo ukipima mtungi ukiwa umejaa, ongeza karibu kilo 2 ili mwishoni uweze kutulia kwenye kina cha mita 5 bila kupambana na maji. Mwenzako asimame kando akutazame, kisha mbadilishane zamu.

Hewa nayo ihesabiwe kwa namba, si kwa hisia. Mtungi wa lita 11 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una takriban lita 2,200 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji hutumia lita 40 hivi kwenye kina cha mita 10, kwa sababu huko shinikizo ni karibu maradufu. Akiacha bar 50 za akiba, yaani lita 550, anabakiwa na lita 1,650, ambazo kwa kina hicho ni kama dakika 41, na ni chache zaidi ikiwa anaogelea dhidi ya mkondo. Kubalianeni kwamba wa kwanza kufika bar 120 ataonyesha ishara na nyote wawili mtageuka, na kwamba kwenye bar 50 nyote mtakuwa juu au mnamalizia kupanda. Mpango hufuata mtungi wa yule anayepumua zaidi, na asionewe haya kwa hilo. Mwili mkubwa, baridi na wasiwasi huongeza matumizi ya hewa.

Ishara za mikono mzirudie hata kama mmezama pamoja mara nyingi. Kidole gumba kilichoelekezwa juu maana yake ni kupanda, si kwamba mambo ni mazuri. Aliye salama huunganisha gumba na kidole cha shahada kuwa duara. Kiganja bapa kinachotikiswa huonyesha kuna tatizo, ngumi iliyowekwa kifuani huonyesha hewa imepungua, na kiganja kinachopitishwa shingoni huonyesha hewa imekwisha. Baada ya hapo kaguaneni: jaketi linajaa na kutoa hewa, kifungo cha mkanda wa uzani kinafunguka kwa mkono mmoja, mikanda yote imefungwa, valvu ya mtungi imefunguliwa. Kila mmoja avute pumzi kadhaa kwenye kipumulio huku akitazama geji. Sindano ikicheza chini na juu, valvu haijafunguliwa vya kutosha. Kipumulio cha akiba kiwe mahali ambapo mwenzako anaweza kukishika akiwa amefumba macho, na ajaribu kufanya hivyo mkiwa bado nchi kavu.

Ingieni polepole, mkiwa mmeweka boya lenye bendera ya wazamiaji ikiwa mashua hupita hapo. Mnaposhuka, sawazisheni masikio tangu mita ya kwanza, kwa sababu shinikizo huongezeka maradufu kati ya uso wa maji na mita 10, ongezeko ambalo kwa uwiano halijirudii huko chini. Shukeni mkiwa uso kwa uso. Maji maangavu hukufanya uamini kwamba mwenzako yuko karibu kuliko alivyo, kwa kuwa kupitia miwani ya kuzamia vitu huonekana vikubwa kwa theluthi moja na karibu kwa robo ya umbali wake. Umbali wa mita mbili au tatu ndio ninaouona wa busara: unatosha kumfikia kwa kupiga mapezi mara chache endapo hewa yako itakatika, wala haumzuii mtu kutazama anachopenda.

Mkondo ukiwepo, ogeleeni kwanza dhidi yake, mrudi mkisaidiwa nao. Piga mapezi kwa mtindo wa chura, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa juu kuliko mwili, ili maji usukumayo yasigonge chini. Sakafu ya chemchemi mara nyingi ina tope laini lenye chembe ndogo mno, na pezi moja lililoinama huweza kuyageuza maji yaliyokuwa maangavu kuwa maziwa. Usisimame juu ya majani ya majini wala usishike miamba ya chokaa. Pamoja na kuharibu makazi ya samaki na kasa, vumbi utakalolitibua litakaa hapo kwa muda mrefu.

Sasa pango. Ikiwa jicho la chemchemi ni mlango unaoingilika, utavutiwa nalo, kwa sababu ndani huonekana pana, maji ni safi na mwanga wa nje hupenya mita kadhaa. Mpaka wenu uwe mahali ambapo juu ya kichwa pana maji matupu hadi uso wa maji. Cheti cha kawaida humfunza mtu kwamba tatizo likitokea anaweza kupanda moja kwa moja, na chini ya dari ya mwamba njia hiyo haipo. Tope likitibuka hamwoni mlango, mapovu yenu yenyewe huangusha chembe kutoka darini, na hewa iliyotosha kuingilia haitoshi kutokea. Wazamiaji wa mapango hutumia theluthi ya hewa kuingia na theluthi kutoka, theluthi iliyobaki ikiwa akiba, na hufuata kamba isiyokatika mpaka nje, kila mmoja akiwa na tochi tatu. Kwenye midomo ya mapango mengi ya Florida na ya rasi ya Yucatán, nchini Meksiko, pamewekwa vibao vyenye picha ya kifo, vinavyoeleza kwamba hata walimu wa uzamiaji wamefia ndani. Baadhi ya chemchemi za Florida humkataza asiye na cheti cha mapango kuingia na tochi, na mimi naona ni sheria ya busara, maana asiye na tochi hupungukiwa na kishawishi. Pango ambalo hata wasio na cheti cha mapango huruhusiwa kuingia, kama ukumbi wa Ginnie Springs huko Florida, ambao njia yake ya ndani imezibwa kwa wavu wa chuma, lina masharti yake, nayo yafuatwe kama yalivyoandikwa.

Mkipotezana, kila mmoja atafute kwa dakika moja, akizunguka alipo na kutazama juu penye mapovu, kisha apande ili mkutane juu ya maji. Utaratibu huu haufanyi kazi ila mmeukubali kabla, kwani mmoja akipanda na mwingine akaendelea kutafuta chini, aliye juu hana namna ya kujua kama mwenzake yuko salama.

Kupanda kuwe kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, mkiwa mnapumua mfululizo bila kuzuia pumzi na mkitoa hewa ya jaketi kidogo kidogo. Simameni dakika 3 kwenye mita 5. Hapa ndipo uzani uliopimwa vizuri unapoonekana, kwa sababu mtungi sasa ni mwepesi na suti iliyokuwa imebanwa na kina imetanuka tena.

Mkishatoka, vueni suti mapema, jikausheni na mnywe maji ya kutosha. Kausheni masikio kwa kuinamisha kichwa kila upande, maana maji matamu yanayobaki ndani hulainisha ngozi ya tundu la sikio na kukaribisha maambukizi. Anayesafiri kwa ndege asubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya lazima vya kupunguza naitrojeni, na saa 18 ikiwa mmezama zaidi ya mara moja. Vifaa visuuzwe na vikaushwe kabisa kabla ya kupelekwa kwenye chemchemi au ziwa lingine, ikiwa ni pamoja na ndani ya jaketi, ambamo maji hujificha pamoja na mbegu za mimea na vijidudu vya mahali mlipotoka.