Usiitupe thamostati ya mashine ya boti
Mafundi wengi huku pwani, mashine ikichemsha, dawa yao ni moja: ng'oa thamostati (vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto lake), tupa. "Nchi ya joto hii, ya nini?" Hata mimi nilifanya hivyo nilipokuwa najifunza ufundi, kwenye mashine ya mjomba, Yamaha 40 ya kuchanganya oili. Kuchemsha iliacha, kweli. Lakini maji ya bahari ya nyuzi 28 yalipita humo moja kwa moja, injini ikawa haipati joto lake na petroli haiungui yote. Haikupita wiki plagi nyeusi tii, zimelowa, na mjomba anavuta kamba mpaka bega linamuuma, dagaa wanajipitia zao.

Ipime kwanza. Kifuniko chake kipo kwenye silinda hedi, spana ya 10 inatosha. Boliti zikiwa zimeshikwa na chumvi usishindane nazo, maana ikikatikia ndani umejitafutia kazi ya kutwa. Mwagia dizeli, gongagonga kwa nyundo ndogo, nenda kanywe chai, urudi.

Ukoko mweupe utautoa kwa siki na mswaki. Ikiwa vali iko wazi nayo ni ya baridi, hiyo imekufa.

Ikiwa bado nzima, ifungue vali kwa bisibisi, pitisha uzi, achia iubane. Ining'inize kwa uzi huo kwenye sufuria ya maji (usichukue ya wali, utagombana na mkeo), isiguse chini, kipimajoto pembeni. Moto uwe mdogo, koroga. Itajidondokea yenyewe vali inapoanza kufunguka: kwa 40 hii, kati ya nyuzi 48 na 52. Kwenye 60 uwazi usipungue milimita 3. Mashine nyingine, fuata kitabu chake.

Ya gari usiweke, hata ikienea. Hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, na maji ya chumvi yakifika huko yanaacha ukoko kwenye njia zote.

Kurudisha: upande wa springi uelekee ndani ya injini, gasketi mpya, grisi kwenye boliti.

Kisha iwashe ndani ya pipa la maji baridi kwa dakika kumi, uizime, uweke kiganja kwenye silinda hedi. Ukiweza kukiacha kidogo, sawa. Ukikichomoa mbio, thamostati haina kosa. Fungua chini ukaangalie impela, ile feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza.