Somo: Kumtambua ndege mkubwa mbuai aliyejenga kiota karibu na nyumba

Wadau, salamu. Picha ninazoletewa zinafanana: ndege juu ya mti, jua liko nyuma yake, amebaki kivuli tu, na swali, "Huyu ni tai?" Kwa wengi wetu anayenyakua kifaranga ni mwewe, aliye mkubwa ni tai, basi. Twende taratibu.

1. Kaa mbali. Mita 100 hivi, na darubini. Ndege anayeatamia akishtuliwa mara kwa mara huweza kuyasusa mayai. Usipande mti wala usirushe droni.

2. Anza na kiota, maana chenyewe hakiruki. Matambara na vipande vya plastiki vimechomekwa kati ya vijiti? Hapo kwa mwewe. Lundo zito kwenye panda ya mti mkubwa, upana unakaribia mita 2, linaongezwa vijiti kila msimu? Fikiria tai. Majani mabichi juu yake maana yake mwenye nyumba yupo. Kiota chenye paa na tundu ubavuni ni cha fundichuma, ambaye si mbuai kabisa.

3. Mkia. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mwezi mzima nilitamba kwa majirani kwamba tuna tai. Jioni moja akapita chini, akakata kona juu ya paa, nikauona mkia ukipinda huku na huku kama usukani, katikati umebonyea. Mwewe! Angalia lakini: akiutandaza wote, ile panda hupotea, kwa hiyo subiri aukunje. Tai wengi wana mabawa mapana, ncha zimeachana kama vidole. Kozi mabawa yake yamechongoka kama mundu. Kipanga ana mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu. Hupiga mabawa mara chache, akateleza, akapiga tena.

4. Miguu, akishatua. Tai wengi wakubwa wamevaa "suruali" ya manyoya mpaka kwenye vidole. Mwewe na furukombe, yule tai anayevua samaki, miguu yao iko wazi kwa chini.

5. Chini ya mti, wakati ambao hakuna anayeatamia. Mifupa ya samaki humtaja furukombe. Ukiokota vitonge vya manyoya vyenye mifupa midogo mizima, hivyo katapika bundi. Mbuai wa mchana huyeyusha mifupa mingi tumboni.

Rangi nimeiweka mwisho makusudi, maana inadanganya. Furukombe mzima ana kichwa na kifua cheupe, lakini kijana wake ni wa kahawia mwenye madoa, na huchukua miaka kadhaa kufanana na wazazi. Ukubwa nao ni mtego: jike kwa kawaida humzidi dume. Mpime kwa kunguru anayemfukuza.

MASWALI

Swali: Mwalimu, wangu ni mwewe, nimeuona mkia. Kuku wangu wamo salama?
Jibu: Mwewe ana kilo 1 hivi kwa uzito. Kuku mzima hambebi, vifaranga atavimaliza. Funika banda kwa wavu, mti uache. Nchi nyingi zinakataza kuharibu kiota chenye mayai au makinda.

Swali: Kinda liko chini tangu asubuhi, nimlishe nini?
Jibu: Usimlishe, dada. Kama ana manyoya kamili na anarukaruka, anajifunza. Fungia mbwa, wazazi watamletea. Kama bado ana manyoya ya pamba au anavuja damu, mweke kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza na utulivu, kisha waite watu wa wanyamapori.

Swali: Tuliona makinda mawili ya tai, sasa liko moja. Nyoka?
Jibu: Pengine ni kaka yake. Kwa baadhi ya tai, aliyetangulia kuanguliwa humdonoa mdogo mpaka afe, na mama anatazama tu. Sijawahi kuzoea kuliona.

Swali: Tai waliondoka mwaka jana. Sasa usiku kwenye kiota kile kile nasikia kitu kinaguna kama mzee aliyekasirika!
Jibu: Bundi huyo, kaka. Hajengi kiota, hukalia cha wenzake. Mvizie jua linapozama. Akifumba macho ukaona kope za waridi, ndiye yule bundi mkubwa kuliko wote Afrika. Hakikisha umesimama mbali.