Deraya ya shujaa mgonjwa: taa ya kifua inayofifia na tumbo linalokunjika

Shujaa wa deraya anayeumwa, wa jukwaani au wa filamu, ana kazi ambazo mwenzake mzima hana. Atakohoa akiwa ameinama, ataegemea meza ya mfanyabiashara fisadi aliyemwibia michoro, kisha atapiga goti mbele yake huku taa ya kifuani ikififia. Deraya nyingi za sponji hutengenezwa kwa mtu anayesimama tu apigwe picha, na ndizo zinazopasuka begani mwigizaji anapojikunja kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo tengeneza taa kwanza, ipime hadi uiamini, kisha ujenge kiwiliwili kuizunguka.

Vifaa

Mikeka 4 ya sponji ya EVA (plastiki nyepesi inayopindika) ya sentimita 60 kwa 60, unene milimita 10, inatosha kiwiliwili cha mtu mzima. Ongeza kipande cha milimita 5 kwa tabaka za juu na cha milimita 2 kwa urembo. Gundi ya viatu nusu lita, kisu chenye nyembe za kubadilisha, msasa namba 120, mashine ya hewa moto, lastiki ya upana wa milimita 25, velkro.

Kwa taa: LED (vitaa vidogo) 12 nyeupe za milimita 5, rezista (vipunguza umeme) 6 za ohm 150, rezista moja ya ohm 1,000, transista 2N2222 (swichi ya kielektroniki), Arduino Nano (kibodi kidogo kinachoendesha programu), kitufe kidogo, swichi ya kuwasha, na kishikio cha betri 6 za AA.

Hatua ya 1: Taa

Betri 6 za AA hutoa volti 9. LED nyeupe hula karibu volti 3.2, kwa hiyo ziunge mbilimbili kwa mfuatano, na kila jozi uipe rezista yake ya ohm 150. Kila jozi itapata takriban miliampea 15, na jozi zote 6 karibu miliampea 90. Usiunge jozi zote kwenye rezista moja: LED hazilingani kabisa, na ile inayopitisha umeme kwa urahisi itabeba mzigo wa wenzake na kuungua mapema. Mguu mrefu ndio chanya.

Chanya ya betri iende VIN (pini ya kuingizia umeme) ya Nano na pia kwenye jozi za LED. Transista ina miguu mitatu: kolekta, emita na besi. Hasi za jozi zikutane kwenye kolekta, emita iende GND (pini ya hasi) pamoja na hasi ya betri, na besi ipitie rezista ya ohm 1,000 hadi pini ya 5. Pini ya Nano haiwezi kubeba miliampea 90. Transista ndiyo inayobeba.

Benki ya umeme ya simu inaonekana rahisi zaidi, lakini iache. Nyingi hujizima zenyewe zinapoona matumizi yameshuka sana, na matumizi hushuka pale pale shujaa anapozidiwa. Taa itakufa katikati ya mazungumzo na haitarudi. Betri za AA nazo zina tabia yake: zikishuka chini ya volti 7.5, taa hufifia bila kuamriwa, na watazamaji watadhani ugonjwa umeanza kabla ya wakati. Zipime kwa mita kabla ya kila onyesho.

Panga LED 9 kwa duara na 3 katikati, nyuma ya plastiki nyeupe ya rangi ya maziwa yenye kipenyo cha milimita 80. Kati ya LED na plastiki acha milimita 25 hadi 30. Ukizisogeza karibu zaidi, macho yataona vidoa 12 badala ya mwanga mmoja. Pete 3 za sponji ya milimita 10 zilizogundishwa pamoja hutoa nafasi hiyo hasa, na upande wao wa ndani uupake rangi nyeupe.

Hatua ya 2: Kufifisha

Jicho haliupimi mwanga kwa mstari ulionyooka. Ukiandika analogWrite (amri ya Arduino ya kiwango cha mwanga, 0 hadi 255) 128 ukitarajia nusu, taa itaonekana bado ina nguvu nyingi. Tumia 255 kwa mwanga kamili, karibu 55 kwa nusu, na karibu 12 kwa robo. Hizo ndizo ngazi tatu za ugonjwa, na kila ngazi iteremke polepole kwa sekunde 2 au 3.

Katika ngazi ya tatu ongeza mpepeso: taa izime kwa milisekunde 40 hadi 120, iwake, kisha isubiri angalau milisekunde 400 kabla ya kuzima tena. Usizidishe mara 3 kwa sekunde, kwa sababu mwanga unaopepesa kwa kasi unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa, awe ukumbini au aliyeivaa deraya yenyewe.

Kitufe cha kubadili ngazi kiunge kati ya pini ya 2 na GND kwa INPUT_PULLUP (mpangilio wa Arduino wa kusoma kitufe), na waya wake uteremke ndani ya mkono hadi kiganjani. Mwigizaji ndiye anayejua anapokata pumzi. Fundi aliye nyuma ya pazia huchelewa daima. Hesabu muda kwa millis (saa ya ndani ya Nano), maana delay (amri ya kusubiri) hufanya programu isikisikie kitufe. Puuza mibonyezo inayofuatana ndani ya milisekunde 50, la sivyo mbonyezo mmoja utaruka ngazi mbili.

Kama ni filamu, ujue kwamba pini za 5 na 6 hupepesa kwa takriban hezi 980 (mara 980 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliioni), ilhali nyingine za kufifisha huenda karibu 490. Ndiyo sababu ya kuchagua ya 5. Mistari myeusi ikitambaa juu ya taa kwenye picha, rekebisha shata ya kamera (muda wa kupokea mwanga) iwe 1/50 au 1/60 ya sekunde.

Hatua ya 3: Patani na kukata

Mvishe mwigizaji fulana kuukuu, mzungushie nailoni nyembamba, kisha tepu juu yake. Ganda hilo la tepu ndilo patani, yaani kiolezo cha kukatia sponji. Chora mistari ya mabamba akiwa amesimama, halafu mwambie ainame na uweke alama kila mkunjo unapotokea. Alama hizo ndizo maungio yako. Andika kushoto, kulia na mshale wa juu kwenye kila kipande kabla ya kuikata patani. Baadaye vipande vyote hufanana.

EVA humaliza makali haraka. Wembe ukianza kuvuta na kuacha ukingo wa mashimomashimo, badilisha. Upande laini wa mkeka uwe nje. Pasha sponji moto ukiwa umbali wa sentimita 10 hadi 15 hadi uso wake ung'ae kidogo, uipinde na kuishikilia hadi ipoe. Joto hilo pia hufunga vitundu vya juu, na rangi haitanyonywa.

Gundi ipake nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 hadi isishike kidole, ndipo ukutanishe. Ikiunganishwa ikiwa mbichi, maungio hufunguka. Fanya kazi dirisha likiwa wazi, na vaa barakoa unapopiga msasa.

Hatua ya 4: Tumbo

Hapa ndipo deraya ya mgonjwa inapojulikana. Usifanye tumbo kuwa bamba moja. Kata mikanda 3, kila mmoja ufunike wa chini yake kwa sentimita 2, na uishone kwenye lastiki mbili wima zinazopita kwa ndani. Mwigizaji akiinama mikanda huteleza. Akisimama hurudi mahali pake. Mabega yashikwe kwa velkro, yasigundishwe. Kwapani kata zaidi ya unavyodhani.

Rangi ya mpira ya kupuliza, mikono 3 hadi 4, nusu saa kati ya mkono na mkono, kisha akriliki juu yake. Akriliki tupu juu ya sponji hupasuka kwenye mikanda ndani ya jioni moja.

Hatua ya 5: Mishipa ya shingo

Ugonjwa utoke chini ya deraya na kupanda. Kwa rangi za ngozi za zambarau na kijani iliyokoza, chora mistari myembamba kutoka ukingo wa bamba hadi chini ya taya, isambaze kwa kidole, kisha poda. Akriliki isiguse ngozi.

Hatua ya 6: Mbele ya fisadi

Ngazi ya taa ishuke shujaa anapotumia nguvu: anapomwinua fisadi kwa kola, anapopiga meza. Isishuke kwa sababu ametukanwa, la sivyo maneno yataonekana kumuua. Fisadi avae suti yenye rangi iliyokoza. Nyeupe hurudisha mwanga usoni kwake na kuipunguza taa.

Kama fisadi ataing'oa taa kifuani, ishikilie kwa sumaku 4 za milimita 10 kwa 2, na waya zake mbili zipitie plagi ndogo inayoachia kwa mvuto mwepesi. Ikitoka inazima yenyewe. Upande wa betri uwe ule wa matundu ili pini zisigusane, na waya wake ufungwe kwenye bamba ili mvuto usifike kwenye maungio ya waya uliyochomelea. Mwigizaji avute moja kwa moja kuelekea kwake. Akizungusha, pete ya sponji itachanika pembeni mwa sumaku.