SOMO: Jinsi ya kuhakiki mkusanyo wa historia wa kidijitali

Wakuu salama? Juzi nilipewa ripoti tatu za uhakiki wa mkusanyo mmoja wa nyaraka za zamani, zote zinasifia muonekano tu, ramani inazunguka vizuri, rangi zimetulia, yaani hakuna hata mmoja aliyefungua waraka wenyewe. Sasa twende taratibu.

Hatua ya 1: Soma maelezo ya mradi, tafuta walichoacha na siyo walichoweka tu. Mfano Old Bailey Online, tovuti ya kesi za jinai za mahakama ya Old Bailey ya London kuanzia 1674 mpaka 1913, zaidi ya 197,000, ila zile ripoti zilikuwa vijitabu vya kuuzwa na utetezi wa washtakiwa ulikatwa sana. Mkusanyo usiposema kitu kama hicho msomaji atadhani kila neno la mahakamani limo.

Hatua ya 2: Hapa ndo penye kazi, usiparuke. Okota kurasa kama 20 bila kuchagua, weka skani pembeni ya maandishi, soma neno kwa neno. Vitabu vingi vya Kiingereza vya karne ya 18 vina ile s ndefu inayofanana na f, programu inayogeuza skani kuwa maandishi inaisoma f, kwa hiyo "sold" inageuka "fold", wewe unatafuta watu waliouzwa hupati kitu unaondoka umeamini hawakuwepo. Na usibabaike na "usahihi 98%", mara nyingi hiyo ni ya herufi, kwa hesabu hiyo neno la herufi tano lina nafasi kama 90% tu ya kutoka zima, yaani kila maneno kumi moja bovu. Ndo maana kesi za Old Bailey za mpaka 1834 zilichapwa upya na watu kwenye kibodi mara mbili, kisha kompyuta ikalinganisha.

Hatua ya 3: Metadata, yaani taarifa kuhusu waraka kama tarehe na mwandishi, anza na tarehe. Barua ni ya "1850 hivi", kwenye data imekuwa 1 Januari 1850, afu grafu inaonyesha Januari watu waliandika barua kuliko mwezi wowote 😂. Excel nayo tarehe za kabla ya 1900 haizitambui kabisa kama tarehe.

Hatua ya 4: Linki za kudumu, hakimiliki, data inashushika au la, seva italipiwa na nani hela ya mradi ikiisha. Hii fasta tu.

Hatua ya 5: Andika ripoti. Mwongozo wa 2015 wa chama cha wanahistoria Marekani (AHA) unataka kazi ya kidijitali ihakikiwe humohumo kidijitali, kwa hiyo usiprinti. Kila kosa liwekee linki yake.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi koding sijui hata kidogo, naruhusiwa kuhakiki?
Jibu: Ruksa, vyanzo unavijua. Sema mwanzoni umekagua nini na nini hujagusa, mhariri atafute mtu wa pili wa upande wa programu.

Swali: Mradi wenyewe unabadilika kila wiki, nahakiki upi sasa?
Jibu: Andika tarehe na toleo uliloliona, na kurasa ulizozitaja zihifadhi Wayback Machine (tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni) kabla hujatuma ripoti.

Swali: Majina ya waliotengeneza yako wazi pale juu, ule usiri wa mhakiki kutowajua waliotengeneza uko wapi?
Jibu: Haupo ndugu yangu, ukiifungua tu kazi yao ushawajua. Kama mlishafanya kazi pamoja mwambie mhariri mapema, akupangie nyingine.