Jinsi ya kujiandikisha kumchagua diwani ukiishi Uingereza

Wengi wetu tunalipa kodi ya halmashauri mwaka baada ya mwaka, lakini siku ya kura tunabaki nyumbani tukidhani ni shughuli ya raia peke yao. Sivyo. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda ana haki ya kupiga kura, maana nchi hizi zimo katika Jumuiya ya Madola. Inatosha uwe na kibali halali cha kuishi, hata kama si cha kudumu, na uwe umetimiza miaka 18. Kongo na Burundi hazimo katika Jumuiya hiyo, hivyo raia wake hawana haki hii England. Scotland na Wales zina kanuni zao.

Anza kwa kujua halmashauri yako. Ingiza msimbo wa posta kwenye gov.uk/find-local-council. Mkazi wa Banbury, kwa mfano, ataona mbili: Wilaya ya Cherwell na Kaunti ya Oxfordshire. Cherwell, iliyoanza kazi 1974, ina madiwani 48 katika kata 16, watatu kila kata. Hao ndio wenye kauli juu ya takataka, vibali vya ujenzi na foleni ya nyumba za halmashauri. Shule, barabara na matunzo ya wazee ni kazi ya kaunti. Kiongozi wa halmashauri hapigiwi kura na wananchi, huchaguliwa na madiwani wenzake. Kwa hiyo kura yako ya kata inachangia kuamua nani ataongoza wilaya. Desemba 2024 serikali kuu ilitangaza mpango wa kuunganisha ngazi hizi mbili, basi hakikisha majina ya halmashauri zako kabla ya kila uchaguzi.

Sasa nenda gov.uk/register-to-vote. Utaulizwa uraia, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Bima ya Taifa. Taja uraia wako halisi. Kila mtu hujiandikisha mwenyewe: mwenye nyumba hawezi kukuandikishia. Utaulizwa pia kuhusu daftari la wazi, yaani nakala ya orodha ya wapigakura ambayo huuzwa kwa yeyote anayeitaka. Mimi nashauri ukatae jina lako kuwekwa humo, na kura yako haiathiriki. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, saa 6 usiku. Ukihama, jiandikishe upya.

Tangu Mei 2023 kituoni huonyeshwa kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika, hata iliyokwisha muda, mradi picha bado inafanana nawe. Usipokuwa nayo, omba cheti cha mpigakura, hakina malipo, kabla ya saa 11 jioni, siku sita za kazi kabla ya kura. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku. Ukiwa tayari kwenye foleni wakati wa kufunga, utaruhusiwa kupiga.